Mtoto mchanga mwenye arosto, na mama aliyetoroka wodini

Shangazi yangu aliletewa mtoto wa siku tatu saa kumi na moja jioni, amefungwa kanga moja, kadi yake ya kliniki ikiwa ndani ya bahasha ya kaki. Afisa ustawi wa jamii aliyemleta alikuwa na haraka. Alisema mama ametoroka wodini, ni mbwia unga, na mtoto "analialia kidogo".

Kufika saa nne usiku tulishajua kwamba hiyo "kidogo" ilikuwa ya kutupoza. Kilio chenyewe kilikuwa chembamba na cha juu, kama cha paka aliyebanwa na mlango. Mdomo unatafuta chupa kwa pupa, ikiingia ananyonya mara mbili anaiachia, anapaliwa, anacheua, anaanza upya. Mikono inatetemeka kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, na huku Temeke jasho linatutiririka sote. Jirani mmoja, bibi wa makamo anayeheshimika mtaani kwa watoto, akaja akamtazama akatamka neno lililotukata maini: degedege.

Haikuwa degedege. Ilikuwa arosto.

Kijana yeyote wa mjini analijua neno hilo. Ni yale yanayomshika mtumiaji wa heroini dawa inapomwisha mwilini: kamasi, miayo, tumbo la kuendesha, maungo kuuma, usingizi kuruka. Wasilojua wengi ni kwamba mtu anaweza kuzaliwa nayo. Heroini hupita kwenye kondo la nyuma kama kinavyopita chakula, kwa hiyo mtoto aliye tumboni huzoea kuipata kila siku. Kitovu kinapokatwa, njia inakatwa. Ndani ya siku moja au mbili mwili wake mdogo unaanza kudai kile ulichozoeshwa. Kama mama alikuwa anatumia methadoni, dawa ya hospitali anayopewa mtumiaji badala ya heroini, ambayo hukaa mwilini muda mrefu zaidi, dalili zinaweza kuchelewa hadi siku ya nne au ya tano, wakati mwingine hata baada ya hapo. Ndiyo maana madaktari wanataka mtoto wa namna hii abaki chini ya uangalizi siku kadhaa, hata kama siku ya kwanza anaonekana mzima kama watoto wengine.

Dalili zenyewe ni nyingi na hazifanani kwa kila mtoto. Chafya za mfululizo, miayo, jasho, joto la mwili kupanda kidogo, misuli kukakamaa, kutapika, kuharisha mpaka ngozi ya makalio ichubuke, usingizi wa dakika chache. Mwingine hutetemeka siku tatu akamaliza, mwingine huchukua wiki kadhaa. Na hata baada ya makali kupita, wasiwasi na usingizi wa mang'amung'amu vinaweza kuendelea miezi minne hadi sita. Hilo la miezi ni vema mlezi aambiwe mapema, maana wengi hujiandaa kwa wiki mbili na kuvunjika moyo ya tatu ikiingia.

Sasa lile la degedege. Nesi aliyetupokea usiku ule alitufundisha kitu ambacho nimekisimulia kwa kila mzazi ninayemjua. Shika taratibu mkono au mguu unaotetemeka, ukunje kidogo, uutulize kwa kiganja chako. Kama ni mtetemo wa arosto, utakoma ukiwa umeushika. Kama ni degedege la kweli, utauhisi mkono unaendelea kuchezacheza hata ukiwa umeubana, na mara nyingi macho nayo yanakwenda upande au yanakodoka. Hili la pili ni safari ya hospitali wakati huohuo, hakuna kusubiri asubuhi, hakuna kupitia kwa mganga. Mtoto mwenye arosto anaweza kupata degedege, ingawa si wengi, kwa hiyo kujua tofauti si elimu ya mapambo.

Kuna jambo la lugha lazima lisemwe hapa. Mtaani walianza kumwita "mtoto teja". Mtoto si teja, wala si mraibu. Uraibu ni kuitafuta dawa ukijua inakuumiza, ni kuuza simu ya mama yako ili upate kete. Mtoto hajatafuta chochote. Mwili wake umezoea tu, na mazoea hayo yanakwisha. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka umsikie mtoto wa darasa la pili akiitwa jina hilo na wenzake, kwa sababu mtu mzima fulani alilitamka mbele yao.

Na je, atakuwa na akili timamu? Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini. Marekani waliwahi kujitisha wenyewe kwa jambo linalofanana na hili. Miaka ya 1980, kokeini ya kuvuta ilipoenea, magazeti yalitabiri kizazi kizima cha watoto walioharibika. Daktari Hallam Hurt wa Philadelphia aliwafuatilia watoto wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, akiwalinganisha na wenzao wa mitaa ileile ambao mama zao hawakutumia. Makundi yote mawili yalifanana sana, na yote mawili yalikuwa nyuma. Kilichowarudisha nyuma, alivyoona yeye, ni umaskini na maisha ya vurugu majumbani kuliko kokeini. Kwa heroini utafiti bado unabishaniwa, lakini hakuna anayesema kwamba kitabu cha mtoto kimeshafungwa akiwa na siku tatu.

Ajabu ni kwamba kilevi kinachoacha alama za kudumu kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni ni kile kinachouzwa dukani kwa leseni. Pombe, iwe bia ya dukani au mbege, gongo na chang'aa za mtaani, hupita kwa mtoto na kuvuruga ubongo unapojijenga, na haiondoki kwa kulelewa vizuri wiki sita. Afrika Kusini, kwenye mashamba ya zabibu ya Western Cape, ambako zamani vibarua walilipwa sehemu ya ujira kwa mvinyo, ni miongoni mwa sehemu zenye watoto wengi zaidi duniani walioathirika hivyo. Kwa hiyo mlezi anapopewa historia ya mama, asiishie kuuliza unga. Aulize na pombe, tena kwa utulivu, maana jibu la swali hilo litamsaidia mwalimu wa mtoto miaka saba baadaye.

Turudi kwenye usiku ule, maana ndiko kwenye kazi.

Kwa miaka mingi hospitali za Magharibi zilimtunza mtoto mwenye arosto kwa kumpa alama. Daktari Loretta Finnegan alitengeneza orodha yake miaka ya 1970: chafya alama moja, kilio kirefu alama kadhaa, na jumla ikifika kiwango fulani mtoto anaanzishiwa matone ya mofini, dawa ya jamii moja na heroini. Watoto wengi waliwekwa mbali na mama zao, kwenye vyumba vyenye taa na mashine zinazolia. Kisha madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, akiwemo Matthew Grossman, wakauliza maswali matatu tu ambayo bibi yako angeuliza: Anakula? Analala? Anabembelezeka akilia? Kama yote matatu ni ndiyo, dawa ya nini? Mwaka 2023 matokeo ya jaribio kubwa katika hospitali 26 za Marekani yalichapishwa. Watoto waliotunzwa kwa njia hii walikuwa tayari kutoka hospitali baada ya wastani wa siku 8, wale wa njia ya zamani siku 15. Waliohitaji mofini walishuka kutoka nusu hadi mmoja katika kila watano.

Nilipoyasoma hayo nilicheka kidogo. Mbeleko imeanza kuchapishwa kwenye majarida ya kitabibu.

Kwa vitendo, hivi ndivyo shangazi alivyoelekezwa. Mtoto anafungwa kanga vizuri, mikono ikiwa imekunjwa kifuani isimrukeruke na kumshtua, nyonga zikiachwa na nafasi. Anakumbatiwa ngozi kwa ngozi kifuani, kichwa chini ya kidevu chako. Akilia, kitu kimoja kwa wakati mmoja: ukimtikisa taratibu usimwimbie, ukimwimbia usimtazame machoni kwa karibu. Watu wazima tukiona mtoto analia tunamrundikia vyote kwa pamoja, tunamtikisa, tunampigia makofi, tunampulizia usoni, tunamwonyesha taa. Kwa mtoto huyu hiyo ni ghasia. Akianza kwikwi, chafya, au kugeuza macho pembeni, anakwambia imetosha. Mwanga upunguzwe. Redio izimwe. Hapa Uswahilini ambako vigodoro vinaweza kupigwa mpaka alfajiri, shangazi alihamia chumba cha nyuma kinachopakana na choo, kwa sababu ukuta wake ndio mnene. Akilazwa kitandani, alazwe chali, peke yake, bila mto.

Chakula ni kidogo kidogo na mara nyingi, kila baada ya saa mbili au tatu, kwa sababu mtoto anayetetemeka anachoma nguvu nyingi kuliko mwenzake. Maziwa ya kopo yapimwe kwa kijiko chake kilekile cha ndani, kikiwa kimesawazishwa. Kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi ni kumpunja mtoto ambaye tayari anapungua. Maziwa ya ng'ombe bado si yake mpaka afikishe mwaka. Na hakuna kumpa dawa ya mchango, wala piritoni ya kumlaza, wala kijiko cha kitu chochote alichokuja nacho jirani. Mtoto huyu ndiyo kwanza anatoka kwenye dawa asiyoichagua. Akikataa kunyonya mara mbili mfululizo, akiwa na homa, akiharisha mpaka nepi haina mkojo, akilegea na kusinzia kupita kiasi, au kama uzito unashuka kila akipimwa, ni hospitali.

Jingine la wiki za kwanza ni vipimo. Virusi vya UKIMWI huambukizwa kwa bomba linalopokezanwa, na wanawake wengi wanaotumia unga hupata pesa ya kete kwa njia zinazowaweka kwenye hatari nyingine juu ya hiyo. Dar es Salaam kuliripotiwa kitambo, mwaka 2005, mtindo wa kuhurumiana ambapo aliyeshajidunga humpa mwenzake asiye na pesa damu yake kidogo kwenye bomba, akiamini ina unga ndani. Kwa hiyo kama hali ya mama haijulikani, mtoto aanzishiwe dawa kinga haraka iwezekanavyo na apimwe kwa kipimo cha watoto wachanga, kile kinachotafuta kirusi chenyewe. Kipimo cha kawaida cha watu wazima kitasoma kinga alizorithi kwa mama na kukuchanganya mpaka mtoto afike miezi 18. Homa ya ini nayo itajwe kwa daktari, mlezi asisubiri daktari akumbuke mwenyewe.

Sasa mama.

Nimesema alitoroka wodini. Kwa siku kadhaa nyumbani kwetu hilo lilikuwa neno la hukumu. Hata shangazi, mwanamke mpole, aliguna kila lilipotajwa. Ilichukua muda mpaka mmoja wetu akapiga hesabu ya saa. Binti yule alijifungua usiku. Hakumwambia mkunga kwamba anatumia, kwa sababu alishawahi kutukanwa kwenye benchi la kliniki mbele za watu, akaapa hatarudia. Hakuna aliyemuuliza kwa namna inayojibika. Kesho yake mchana, mshono ukiwa bado mbichi, arosto ikamshika. Aliondoka kwenda kutafuta kete, pengine akidhani atarudi kabla ya mtoto kuamka.

Yaani mama na mtoto walikuwa na ugonjwa mmoja, siku moja, kitanda kimoja. Mmoja alipelekwa kwa daktari. Mwingine aliitwa mzazi asiye na huruma.

Ingekuwaje vinginevyo? Dawa ipo. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, ikafuatiwa na Mwananyamala, Temeke, na baadaye mikoani: Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga. Kenya ilianza Mathari jijini Nairobi, kisha Malindi na Mombasa. Ni maji ya kunywa, anayapata kila siku mbele ya mtoa dawa, na yanamwondolea arosto bila kumlevya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unasema wazi kuhusu wajawazito: wasiachishwe ghafla, wapewe methadoni au dawa inayofanana nayo. Kumkatisha mjamzito heroini kwa mkupuo, kama wanavyofanya baadhi ya ndugu kwa kumfungia chumbani "mpaka itoke", kunaweza kuiharibu mimba, na akitoka hapo mara nyingi hurudi palepale, mwili ukiwa umeshasahau kipimo alichozoea. Wengi hufa hapo.

Mtoto wa mama anayetumia methadoni bado anaweza kuzaliwa na arosto. Jambo hili huwavuruga watu: sasa faida iko wapi? Faida ni kwamba mimba ina uwezekano mkubwa wa kufika miezi tisa, mama anahudhuria kliniki, arosto ya mtoto inajulikana siku yake na inasubiriwa, na mama yupo wodini. Tena anaweza kunyonyesha. Methadoni inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana, na watoto wanaonyonya na kulala na mama zao huwa na arosto nyepesi. Anayeendelea kujidunga unga hali yake ni nyingine, huyo hashauriwi kunyonyesha.

Lakini wanawake kwenye foleni za methadoni ni wachache mno kuliko wanaume. Kuja kila siku, nauli kila siku, kusimama foleni moja na wanaume wa kijiweni wanaokudai, kumwacha mtoto na nani. Na kuna fumbo la kimwili ambalo wasichana wengi hawaambiwi. Heroini huvuruga hedhi, wakati mwingine huikata kabisa, hivyo msichana anaamini hawezi kushika mimba na huigundua ikiwa na miezi mitano. Akianza methadoni na kula vizuri hedhi inarudi, na mimba nyingine inaingia kabla hajajua kuwa mlango umefunguka. Ndugu huona mimba hizo kama dharau. Ni kukosa maelezo ya dakika kumi.

Jingine linalomhusu mlezi moja kwa moja: hatari kubwa kwa mama haiko wodini. Utafiti wa jimbo la Massachusetts, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kupitiliza kipimo cha dawa za kulevya kulikuwa kwa chini zaidi mwishoni mwa mimba, na kukapanda kufikia kilele kati ya mwezi wa 7 na wa 12 baada ya kujifungua. Wakati huo ndio watu wameshaacha kuulizia hali yake. Pongezi zimekwisha, mtoto yuko kwa mtu mwingine, na mama amebaki na maziwa yaliyokauka na kijiwe kilekile.

Hapo ndipo sheria inapoingia, na hapo ndipo maneno yetu yanapotuangusha. Kiserikali kitendo cha kumlea mtoto wa mtu mwingine kwa muda, chini ya usimamizi wa ustawi wa jamii, kinaitwa malezi ya kambo. Neno kambo limechoka. Kila hadithi ya utotoni ina mama wa kambo anayemnyima mtoto chakula, na hapa tunaliomba limbebe mtu anayeamka mara sita usiku kwa ajili ya mtoto asiye wake. Simlaumu anayelikwepa na kusema tu "ninamlea".

Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Tanzania Bara, kuna ngazi. Kwa dharura mtoto anaweza kuwekwa kwenye familia ya kuaminika, ambayo imechunguzwa na kufundishwa mapema na ustawi wa jamii. Shangazi alikuwa mmoja wao. Malezi ya kambo ni ya muda mrefu zaidi, yanaombwa, mlezi anachunguzwa nyumbani kwake, na mtoto anabaki kuwa mtoto wa mama yake. Kuasili ni kitu kingine kabisa: mahakama inakata uzazi wa kisheria wa upande mmoja na kuuhamishia upande wa pili, kwa ridhaa ya mzazi au kwa sababu zilizothibitishwa, na hairudi nyuma. Makao ya watoto ni mlango wa mwisho. Kenya, chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, mpangilio unafanana, na mtoto hawezi kuingizwa kwenye safari ya kuasiliwa kabla hajafikisha wiki 6. Ukiona mtoto ametelekezwa na hujui pa kuanzia, namba 116 hupigwa bure nchi zote mbili.

Waislamu wa pwani wana mlango wao. Kuasili kunakobadilisha ukoo hakukubaliki, lakini kafala inakubalika: unamlea, unamlisha, unamsomesha, na jina la baba yake linabaki. Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inaitambua kafala, na ya Kenya vilevile. Kwa madhehebu ya Shafii, mwanamke akimnyonyesha mtoto mara tano kabla hajatimiza miaka miwili, wanakuwa mama na mtoto wa ziwa, na suala la kujisitiri mtoto akikua linamalizika. Jirani mmoja alijitolea afanye hivyo. Nesi akamwomba apime damu kwanza, na kwenye hilo nesi alikuwa sahihi.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la watu wema. Mlezi anampenda mtoto, anaona mama hatabiriki, anaamua kufupisha: anaandika jina lake kwenye tangazo la kizazi kana kwamba yeye ndiye aliyejifungua. Au anamwekea mama elfu hamsini mkononi "ya sabuni" na kuondoka na mtoto. La kwanza ni kughushi. La pili linaweza kusomwa kama biashara ya mtoto, na sheria ya usafirishaji haramu wa binadamu haina sentensi ya "lakini nilimpenda". Zaidi ya hayo, mtoto anapoteza historia yake ya kiafya na ndugu zake wa damu, na siku akiugua ugonjwa wa kurithi hakuna wa kumuuliza.

Kinachobaki kigumu hata ukifuata taratibu zote ni kwamba saa za watu hawa wawili haziendi sawa. Mtoto anajenga mazoea na sura anayoiona kila siku. Mwaka wa kwanza kwake ni maisha yote. Mama anayepona anahitaji miaka, na atateleza, pengine mara tatu, pengine mara saba. Marekani walijaribu kuzifunga saa hizo pamoja kwa sheria ya mwaka 1997: mtoto akikaa nje ya kwao miezi 15 kati ya 22, serikali kwa kawaida inatakiwa kuanza kuukata uzazi. Mswahili aliyehamia huko na kuchukua mtoto wa ndugu yake hukutana na kipimo hicho bila kutarajia. Kwetu hakuna saa kali namna hiyo, na matokeo yake ni kinyume: mtoto anaweza kukaa "kwa muda" mpaka anamaliza la saba. Mimi naona zote mbili ni mbaya, ila yetu inamwachia mama nafasi ambayo hakuna anayemsaidia kuitumia.

Shangazi aliitumia kwa njia yake. Kwanza aliweka masharti, na afisa ustawi wa jamii akayaandika: Alhamisi saa nne asubuhi, kwenye baraza, si chumbani. Akija amelewa unga, anasinziasinzia, anapewa chai na hapewi mtoto, na wala hakuna mahubiri. Akija mzima, mtoto ni wake kwa saa mbili, yeye ndiye anayembadilisha nepi. Asipokuja, hakuna anayemsema mbele ya mtoto. Wiki sita za kwanza alikuja mara mbili. Ya kwanza alipewa chai.

Mara ya pili alikuja ametoka kunywa methadoni, siku yake ya tisa. Mtoto alipoanza kulia alimnyoosha mikono yote miwili mbele kama anayepokea sinia la moto, akamtazama shangazi amwokoe. Shangazi akamwambia, "Kaa chini mwanangu. Mfunge kwanza." Akamwonyesha ile kanga, mkono huu, mkono ule, ncha inaingia hapa. Alifunga vibaya, ikafunguka, akafunga tena. Kisha akamweka kifuani akanyamaza kimya, maana alishaambiwa, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mtoto alihema, akapiga chafya mbili, akalala.

Wiki hiyohiyo kliniki walitaka kadi mpya, ile ya kwanza ilikuwa imelowa maziwa. Nesi akauliza jina la mama, kalamu ikiwa tayari. Shangazi akataja la binti, akalitamka herufi kwa herufi, kisha akaomba namba yake mwenyewe ya simu iandikwe chini yake kwa penseli.